Friji la Sampuli

"Umeme wetu hata ukiuomba ukatike, haukatiki!" Dokta Magesa alimwambia Profesa Umutoni, mtafiti wa chanjo anayegombewa na vyuo vya dunia nzima. Asipokubali kuja kuongoza utafiti hapa, idara inafungwa na Magesa hana kazi.

Profesa akaweka kiganja kwenye friji la sampuli. Lilinguruma kama paka aliyeshiba. Magesa akachekelea, meno yote nje.

Mara akaingia bibi mmoja jirani, kanga nyeusi kiunoni.

"Magesa mwanangu, jenereta letu ulisema unaazima nusu saa tu. Jeneza limeshatoka ndani, na mchungaji hasikiki bila spika."

Kabla hajajibu, vijana wa msibani wakalizima jenereta huko nje. Friji likatetemeka, likanyamaza. Profesa alibaki amelishika vilevile, kama mama anayempima mtoto homa.