Kipandio cha Mwizi

Waliojenga nyumba ile walikiinua makusudi kipandio kimoja cha ngazi, ili mwizi asiyeijua ajikwae na kuwaamsha wenyewe. Mwizi hakuwahi kuja. Ila Bi Mwanakombo alipotegua goti, mwanawe Badi alisema, "Mama, ukijikwaa tena hapa, unahamia kwangu." Basi Bi Mwanakombo alimwita fundi, akaling'oa jiwe la juu, kipandio kikalingana na vingine.

Badi alikuja kukagua. Mamake alianza kupanda mbele yake. Alipofika pale, mguu uliinuka juu kama ulivyozoea tangu alipoletwa bibi harusi, ukashukia hewani. Alipepesuka, akajishikiza ukutani.

"Mama!" Badi alipanda mbio kumwahi. Pale pale mguu wake nao uliinuka bure, akaanguka kwa magoti.

Mamake alimtazama. "Mwizi amechelewa, lakini amefika."

Walicheka mpaka Badi akakaa chini.

"Jiwe liko wapi?" aliuliza, akisugua muundi.

"Uani. Nilimkataza fundi asilitupe."

Badi hakutaja kuhama. Alikuwa akipapasa ukutani mstari wa chokaa, pale jiwe lilipokuwa limefikia.