Chuma cha Kiberenge

Ng'ombe walikuwa wametanda barabarani, na mimi nilikuwa tayari ndani ya kona, mshale ukisoma themanini.

"Devota, usishike breki!" baba alisema kando yangu. "Kanyaga mafuta!"

Nikakanyaga. Nikakata usukani kuelekea upenyo uliobaki kushoto, na Corolla yangu, mtumba wa Japani ulioingia nchini mwaka ule, ikang'ata changarawe na kupita ikiwa imesimama wima. Mwezi uliopita, nikifanya mazoezi ya mbio za magari kwenye kona hii hii ya kwenda Mikumi, ilikuwa imelala upande hadi nikaiona ardhi dirishani.

Nyuma yetu Mmasai mwenye ng'ombe aliinua fimbo. Sikujua kama ananilaani au ananisifu.

Nilisimamisha gari, nikajiingiza uvunguni. Chuma kilikuwa palepale. Baba, fundi mstaafu wa reli, alikuwa amekitoa kwenye kiberenge kibovu, kile kigari cha relini, akakichoma, akakipinda kwa nyundo, akakifunga kati ya magurudumu ya mbele ili gari lisilale konani. Siku ile nilimcheka. Nilikuwa nataka rimu za kung'aa kama za vijana wa Dar.

Nikazipapasa alama za nyundo yake, moja baada ya nyingine.

Nilitoka nimejaa vumbi. Asubuhi nilishamwamkia, lakini sikupata neno jingine lililotosha.

"Shikamoo, baba."

Alinitazama kidogo.

"Marahaba," akasema, akikaza mkanda wa kiti chake. "Ng'ombe wakishavuka, geuza turudie. Ile kona umeiingia vibaya."