Dungusi la Ndahani

Siku hizi mtu akifa, maneno yake ya mwisho hupandwa ndani ya dungusi, ule mmea wa jangwani usiotaka maji mengi, na watu wa nyumbani mwake hukabidhiwa likiwa chunguni. Halina miiba, ili wafiwa walipapase bila kuchomwa. Ukiligusa, linasema.

Sechelela aliliweka la mumewe dirishani, penye jua. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, alilipapasa, na sauti ya Ndahani ikatoka ileile ya hospitali: "Seche, nipe maji kidogo."

Siku ile hakumpa. Daktari alikataza, naye akatii. Alimlowanisha midomo kwa pamba tu, akamwambia, "Vumilia, Baba Mbeleje." Akavumilia mpaka akakata roho.

Basi sasa alimpa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

"Mama, hilo si mchicha," binti yao Mbeleje alimwonya alipokuja kumjulia hali. "Utaliozesha."

"Wewe hukumsikia akiomba."

"Hiyo ni sauti tu, mama."

"Na ile ya hospitali ilikuwa nini?"



Leo Sechelela alipoligusa, vidole vilizama. Shina lilikuwa limelainika kama papai bovu, na maji meusi yenye uvundo yakamchuruzikia kiganjani. Lilibaki jani moja tu gumu. Akalipapasa taratibu.

"Seche," likasema kwa shida, "nipe maji kidogo."

Kikombe kilikuwa mkononi, kimejaa. Alitaka kumwambia, "Vumilia, Baba Mbeleje."

Akamimina.