Unywele Usio na Namba

Asubuhi Semeni aliutoa unywele mrefu, usio wake, ndani ya pochi ya mumewe. Sasa uko chini ya hadubini ya maabara ya polisi, na Ngoda, mwenzake wa kazi, anauchungulia.

"Kesi namba ngapi, dada?"

"Bado haijapewa."

"Hauna mzizi. Haukung'oka wala haukudondoka. Umekatwa kwa mkasi."

"Maana yake, ukikutwa ndani ya pochi ya mtu?"

"Unaniuliza wewe uliyenifundisha? Mwenye unywele aliukata ili ampe mtu auhifadhi."

Kwa miaka tisa mumewe hakuwahi kumwomba hata unywele mmoja. Semeni alivuta fomu, akaandika matokeo kwa mwandiko ulionyooka. Penye jina la mlalamikaji kalamu ilisimama, na wino ukaanza kusambaa.