Weka Uone

Mwaka ule kila mtoto wa chekechea alivaa kidude sikioni, nacho kilimnong'oneza jibu kabla hajagusa kitu. Kazi ya mwalimu ilibaki kuhakikisha hakuna anayekivua.

Mwalimu Tusekile wa Tukuyu aliwavua vidude hivyo watoto wote ishirini wa darasa lake. Akawawekea beseni la maji, kokwa za parachichi, vijiko na vizibo vya soda, akawaambia wacheze. Kabla ya saa nne mkuu wa shule alikuwa mlangoni.

"Umewaacha watoto wabahatishe, mwalimu. Wakikosea, nani atajibu?"

"Mimi. Ndiyo kazi niliyosomea," alisema Tusekile. "Hii mliyonipa hata kufuli inaiweza."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alirudi nyumbani akisaga meno kwa hasira, akajaza beseni maji, akamwita binti yake Lugano, mwenye miaka mitano, akamvua kidude chake.

"Haya, mwanangu. Kijiko hiki kitaelea au kitazama?"

Lugano alisubiri. Kisha akapapasa sikio lake.

"Mama, hakisemi."

"Hakitasema. Weka uone."

"Nikikosea?"

"Utakuwa umekosea tu, mama. Weka."

Mtoto akaficha mikono mgongoni. Hasira ilimtuma Tusekile amshike mkono, akitumbukize kile kijiko kwa nguvu. Akajizuia. Wakakaa vile, maji yametulia kati yao, naye akaanza kuogopa kwamba binti yake angeweza kusubiri hadi jioni.