Viatu vya Mwalimu Gaudiosus

Akipalilia shambani, Celestina alimwona mumewe akishuka kilima mbio, jembe likamponyoka. Mungu wangu, huyu mwanamume ana akili kweli?

Majuma sita! Muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga alisema, naye Celestina akisikia: "Mwalimu, mbio zimeuchosha mfupa wa ugoko, umeshaingia ufa. Ukikimbia kabla ya majuma sita utakatika, na kuunga tena siwezi kukuahidi." Leo ndiyo kwanza juma la tatu.

Na yote hayo kwa mbio za kujifurahisha tu. Mwalimu Gaudiosus hakufukuzwa na mtu wala hakuwahi gari. Alikimbia kila asubuhi kwa sababu alipenda, na akikaribia nyumbani alipunga mikono yote miwili kama mshindi. Isingiro, kijiji chao, ilimcheka weee, mwisho ikamzoea. Alipoumia, Celestina alivifungia viatu vyake vya mbio sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi hii alimruhusu kwenda kumjulia hali mama yake ng'ambo ya kilima, polepole, na fimbo mkononi.

Siku yenyewe haikumpendeza. Mwezi wa kumi, mwaka sabini na nane, ngurumo tangu alfajiri upande wa Uganda, na mvua hata tone. Wasiwasi wote akaupeleka kwenye ule mguu.

"Waitu! Mwalimu kapona!" Jirani yake Placida alipiga kigelegele kutoka shamba la maharage. Wanawake wengine wakanyoosha migongo, wakapiga makofi. "Kimbia, Mwalimu! Kimbia!"

Gaudiosus akapunga mikono yote miwili. Alikuwa akipaza sauti pia, lakini kwa vigelegele vile nani angemsikia?

"Mwone anavyoringa!" Placida akacheka.

"Ngoja afike," Celestina alisema, machozi ya hasira yakimlenga. "Leo atanitambua. Hivyo viatu kaviiba saa ngapi?"

Akaupapasa ufunguo kifuani. Ulikuwepo.

Akamtazama miguuni. Peku. Fimbo hana, na ule mguu mbovu ulijipinda kila alipoukanyaga, naye hasimami.

Nyuma ya mumewe, juu ya kilima, kijiji kizima cha mama mkwe wake kilikuwa kinatokea, wazee kwa watoto, mizigo vichwani, wote mbio.