Mama Anasoma Nywila

"Imebaki nafasi moja, mama," fundi alisema, akiiweka ile diski nyeusi mezani. "Tukikosea tena, inajifuta yenyewe. Na mimi sitaweza kukirudisha kilichomo."

"Hatutakosea," mama alijibu. Binti yake alikuwa amezikwa juma lililopita. Kabla ya kujiua aliacha ujumbe mmoja: jina la aliyemharibia maisha limo kwenye diski. Nyumbani walikuwa wamebahatisha nywila hadi nafasi zikakaribia kwisha. "Rafiki yake kanitumia nywila yenyewe leo. Ninayo hapa kwenye simu."

"Mbona hukuniambia, shemeji?" Baba mdogo wa marehemu, aliyemleta mama kwa gari lake, alisogeza kiti mezani. "Haya, niandike mimi. Mikono inakutetemeka hivyo, utatuharibia. Wewe nisomee tu, polepole."

Fundi aliwaachia kibodi, akawapa mgongo. Ndivyo alivyofanya kwa kila mteja. Nywila za watu hakutaka kuziona.

"K kubwa," mama alisoma. "Kisha a. Kisha z."

Kila herufi ilijibiwa na mlio wa kitufe.

"Kisha tano..."

Ghafla vitufe viligonga mfululizo, na kile kikubwa cha kuthibitisha kikabonyezwa kwa nguvu.

Fundi aligeuka. Taa ya buluu ya diski iligeuka nyekundu, ikazimika. Kidole cha baba mdogo kilikuwa bado kimekandamiza kitufe, ukucha umekuwa mweupe.

Mama hakuwa ameinua macho kutoka kwenye simu.

"Saba," alisema. "Kisha m ndogo."